Nani Ametia Saini? Historia ya Ukaguzi wa Lazima wa Magari Binafsi

Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba gari binafsi lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa liwe linakaguliwa kila mwaka, kama ambavyo matatu na malori yamekuwa yakitakiwa kukaguliwa kwa miongo mingi. Wanaounga mkono pendekezo hilo wanataja damu inayomwagika barabarani. Wanaolipinga wanataja ada, foleni na rushwa, na wanauliza kwa nini mwananchi aliyekwisha kulipa ushuru, bima na tozo ya mafuta atozwe tena. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Nasi wa upande huu wa Namanga hatuwezi kuzitazama kama habari za jirani, maana jambo linalojadiliwa Nairobi leo aghalabu hujadiliwa Dodoma na Kampala kesho.

Kinachokosekana katika mjadala huu ni historia. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba ukaguzi wa lazima wa magari binafsi ni kitu kilichobuniwa jana, ilhali kuna mataifa ambayo yameishi nao kwa zaidi ya miaka 60, yakakosea, yakarekebisha, na mengine yakaamua kuuacha kabisa. Makala haya yanaifuata historia hiyo, hasa ya Uingereza, kwa kuwa ndiko zilikotoka sheria zetu za trafiki. Hoja ninayotaka kuijenga ni moja: cheti cha ukaguzi hakina thamani kupita uwajibikaji wa mtu aliyekitia saini. Nchi zilizolielewa jambo hilo mapema zilipata faida. Zile zilizoanza na ada na stika zilipata ada na stika.

Kabla ya gari, boila

Wazo kwamba dola inaweza kukagua mali ya mtu binafsi kwa sababu mali hiyo inaweza kumuua jirani halikuanza na magari. Lilianza na boila za mvuke viwandani. Mwezi Januari 1865 boila ililipuka katika kiwanda cha bia mjini Mannheim, Ujerumani. Mwaka uliofuata, wamiliki wa boila zaidi ya 20 wa eneo hilo waliunda chama chao cha kukagua mitambo yao wenyewe. Vyama vya namna hiyo vikaenea katika miji mingine, na ndivyo vilivyozaa taasisi zinazojulikana leo kwa jina la TÜV, ambazo Mjerumani yeyote mwenye gari anazifahamu kama anavyoifahamu benki yake.

Asili hiyo ina funzo. Wakaguzi wa kwanza hawakutumwa na ofisi ya kodi. Waliajiriwa na watu ambao mlipuko ungewafilisi. Mkaguzi aliyepitisha boila mbovu aliwatia hasara waliomwajiri, nao walikuwa na kila sababu ya kumfuatilia. Hapo ukaguzi na hasara vilikaa katika nyumba moja. Ujerumani ilipoweka ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara kwa magari yote mwaka 1951, kazi hiyo iliingia katika mikono ambayo tayari ilikuwa na desturi na heshima ya karibu miaka 90. Hata hivyo, sheria peke yake haikutosha, kwa kuwa haikuwa rahisi kumtambua asiyeitii. Mwaka 1961 kikaanzishwa kibandiko kinachowekwa kwenye kibao cha namba, kikionyesha mwezi na mwaka ambao gari linapaswa kurudi kukaguliwa. Tangu hapo askari, jirani na mnunuzi waliweza kusoma kwa macho yao kama gari limekaguliwa. Kibandiko kilikuja miaka kumi baada ya ukaguzi, kama alama ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Gari la abiria na gari la bwana

Uingereza ilipita njia nyingine. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 iliweka utaratibu mkali kwa mabasi: leseni maalumu, makamishna wa usafirishaji, na cheti cha kuthibitisha kwamba chombo kinafaa kubeba watu. Gari binafsi halikuguswa. Sheria hiyo hiyo ilifuta ukomo wa mwendo wa maili 20 kwa saa kwa magari madogo, ikimwachia mwenye gari busara yake, na kwa upande wa pili ikamlazimisha kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine.

Nyuma ya tofauti hiyo kulikuwa na mantiki ya kisheria na mantiki ya kitabaka. Kisheria, abiria wa basi amelipa nauli, hawezi kuingia uvunguni mwa basi kukagua breki, basi dola imkagulie. Kitabaka, mwenye gari binafsi katika Uingereza ya 1930 alidhaniwa kuwa mtu mwenye fedha, pengine mwenye dereva wake, ambaye angelitunza gari lake kwa maslahi yake mwenyewe. Mtembea kwa miguu, ambaye hakulipa nauli wala hakuwa na gari, hakuwa na nafasi kubwa katika mantiki hiyo.

Tofauti hiyo ya gari la abiria na gari la bwana ndiyo iliyosafirishwa hadi makoloni. Sheria ya Trafiki ya Kenya ya mwaka 1953 ilizaliwa ndani ya fikra hizo, na sheria za nchi zetu baada ya uhuru, ikiwamo Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, ziliendelea kuelekeza jicho kali zaidi kwenye vyombo vya biashara. Tuliirithi mipaka hiyo, na jamii iliyoichora ikaja kuibadilisha kwao miaka michache tu baadaye.

1960: jaribio la miaka kumi

Kilichoibadilisha ni uzee wa magari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na madeni makubwa. Magari mapya yaliyotoka viwandani yalielekezwa kuuzwa nje ili kupata fedha za kigeni. Raia wa kawaida aliendelea kuendesha gari lililotengenezwa kabla ya vita, likiwa na breki za zamani, taa hafifu na usukani uliolegea. Mgao wa petroli ulipoondolewa mwaka 1950, magari hayo yakarudi barabarani kwa wingi. Mwishoni mwa 1959 barabara kuu ya M1 ilifunguliwa, na gari la mwaka 1936 likajikuta linashindana na gari la mwaka 1959 katika njia moja isiyo na makutano. Mwaka 1960 watu wapatao 7,000 walikufa barabarani nchini humo.

Bunge lilikuwa limekwisha kuipa serikali mamlaka ya kuanzisha ukaguzi kupitia sheria ya mwaka 1956. Utekelezaji ulianza Septemba 1960, chini ya Waziri wa Uchukuzi Ernest Marples, na hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Ukaguzi huo, uliokuja kujulikana kwa herufi za wizara yake, MOT, haukuanza kwa magari yote, wala haukukagua kila kitu. Ulihusu magari yaliyotimiza miaka kumi, na ulitazama mambo matatu: breki, taa na usukani. Kwa miezi ya kwanza ulikuwa wa hiari. Februari 1961 ukawa wa lazima.

Idadi ya magari yaliyoshindwa ilikuwa kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Matokeo hayo ndiyo yaliyoipa serikali hoja ya kupanua wigo. Kabla mwaka 1961 haujakwisha, umri wa kuanza kukaguliwa ukashushwa hadi miaka saba. Mwaka 1962 cheti kikawa sharti la kupata kibandiko cha kodi ya barabara, hivyo asiyekagua akashindwa pia kulipia gari lake. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka mitatu, na hapo umebaki mpaka leo, hata baada ya serikali kufikiria mwaka 2023 kuuongeza uwe miaka minne na kisha, mwanzoni mwa 2024, kuamua kutoubadilisha.

Vitu vinavyokaguliwa navyo viliongezwa kidogo kidogo. Kina cha meno ya tairi kiliingia mwaka 1968. Mwaka 1977 zikaingia waipa, honi, taa za kuashiria kona, bomba la moshi na uimara wa bodi. Moshi wa magari ya petroli ulianza kupimwa mwaka 1991, na wa dizeli mwaka 1994. Kila hatua ilikuwa na swali ambalo mwananchi angeweza kulielewa: tairi lenye kipara linateleza, bodi iliyooza inajikunja, moshi unaingia mapafuni mwa mtoto. Haikutokea siku moja mwenye gari akakabidhiwa orodha ya vitu 60 ambavyo hajawahi kuvisikia.

Nani anamkagua mkaguzi

Uingereza haikujenga vituo vya serikali kila wilaya. Iliziruhusu gereji binafsi kufanya ukaguzi kwa leseni, na leo vituo vya namna hiyo vinazidi 20,000. Msomaji ataona hatari mara moja. Fundi anayekuambia kwamba breki zako zimeshindwa ndiye huyo huyo atakayelipwa kuzitengeneza. Na fundi anayetaka wateja wengi anaweza kujulikana mtaani kama mtu mwepesi wa kupitisha. Udanganyifu wa aina zote mbili umewahi kutokea huko, na unaendelea kutokea.

Jibu lao kwa hatari hiyo halikuwa mahubiri ya maadili. Serikali iliweka kiwango cha juu cha ada, ambacho kwa gari dogo ni pauni 54.85 na hakijapandishwa tangu 2010, na gereji inaruhusiwa kutoza pungufu. Gari likishindwa na kuachwa hapo hapo litengenezwe, kurudiwa kwa ukaguzi hakutozwi ada mpya. Mkaguzi ni mtu anayejulikana kwa jina na mwenye kibali chake, na kibali hicho kinaweza kufutwa. Mamlaka hutuma magari yenye hitilafu zinazojulikana, yakiendeshwa na watu wanaojifanya wateja wa kawaida, ili kuona kama kasoro zitagunduliwa. Mwenye gari asiyeridhika ana siku za kukata rufaa. Aliyenunua gari lililopitishwa huku limeoza ana miezi mitatu ya kulalamika kuhusu kutu hiyo. Tangu mwaka 2005 matokeo yalianza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta, na leo mtu yeyote, bila kuomba kibali kwa yeyote, anaweza kuandika namba ya gari na kusoma historia ya ukaguzi wake: lini lilishindwa, kwa sababu gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi.

Uholanzi ilibuni njia nyingine ya kumdhibiti mkaguzi. Gereji ikishapitisha gari, inaliripoti katika mfumo wa taifa, na mfumo huchagua kwa bahati nasibu takriban magari matatu kwa kila 100. Gari lililochaguliwa haliondoki mpaka mkaguzi wa serikali afike na kulirudia upya. Gereji haijui ni gari gani litachaguliwa, na ikikutwa na makosa hupewa alama za adhabu zinazoweza kuinyang'anya leseni.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kuikabidhi serikali kazi yote, ili mkaguzi asiwe na duka la spea. Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, imefanya hivyo: huko vituo ni vya serikali na havitengenezi magari. Mwezi Januari 2020 iligundulika kwamba lifti za kuinulia magari katika vituo hivyo vya serikali, nyingi mno, zilikuwa na nyufa. Ukaguzi wa magari ukalazimika kusitishwa na vyeti vya maelfu ya wananchi vikaongezewa muda. Wakaguzi wa usalama wa magari hawakuwa na vifaa salama. Kwa hiyo umiliki wa serikali au wa mtu binafsi haumalizi swali. Palipo na kumbukumbu zilizo wazi na mtu wa kuulizwa, kosa hugunduliwa. Pasipo na hivyo, hufichwa.

Je, uliokoa maisha?

Idadi ya vifo barabarani nchini Uingereza ilifikia kilele cha wakati wa amani mwaka 1966, vifo 7,985, ikashuka hadi chini ya 2,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, ingawa magari yaliongezeka mara nyingi. Mtetezi wa ukaguzi angependa kuishia hapo. Lakini uaminifu wa kitaaluma unatulazimu kusema kwamba katika miaka hiyo hiyo lilikuja jaribio la pumzi kwa madereva walevi mwaka 1967, mkanda wa kiti cha mbele ukawa wa lazima mwaka 1983, barabara zikaboreshwa, na huduma za dharura hospitalini zikabadilika kabisa. Hakuna anayeweza kuchukua mteremko ule wote na kuupa ukaguzi wa magari.

Wanorwe waliamua kupima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, magari 204,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: yaliyokaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, yaliyokaguliwa mara moja katika kipindi hicho, na yasiyokaguliwa. Hali ya kiufundi ya magari yaliyokaguliwa ilikuwa bora zaidi. Tofauti ya idadi ya ajali haikuonekana. Wapinzani wa ukaguzi hupenda kuutaja utafiti huo, nao wana haki ya kuutaja. Ila ni vyema kukumbuka kwamba ulifanyika katika nchi tajiri, yenye magari ambayo kwa ujumla yalitunzwa vizuri hata pasipo kulazimishwa. Hautuambii moja kwa moja kitakachotokea mahali ambapo lori na Noah hushuka mlima kwa breki za kubahatisha. Unatutahadharisha tu tusiahidi kile tusichoweza kukithibitisha.

Marekani inatupa onyo la aina nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1966 ilizisukuma majimbo kuanzisha ukaguzi wa mara kwa mara kwa kutishia kuyanyima fedha za barabara, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 majimbo zaidi ya nusu yalikuwa nao. Mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo liliondoa nguvu ya tishio hilo, na majimbo yakaanza kujitoa moja baada ya jingine. Mojawapo ni Texas, iliyofuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia Januari 2025. Lakini ada ya dola 7.50 iliyokuwa ikilipwa kwa jimbo haikufutwa. Inaendelea kulipwa wakati wa kusajili gari, ikiitwa ada ya kuziba pengo la ukaguzi ulioondolewa. Mtu anayetaka kujua jinsi mfuko wa serikali unavyoweza kuizoea ada hata baada ya kuisahau sababu yake, asome sheria hiyo.

Magari yaliyokimbia ukaguzi

Kabla ya kurudi nyumbani, tupite Japani, maana ndiko yatokako magari yetu mengi. Ukaguzi wa lazima wa huko, uitwao shaken, una msingi katika sheria ya mwaka 1951. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu pamoja na ukaguzi wenyewe mwenye gari hulipa kodi ya uzito na bima ya lazima, mbali na matengenezo. Gari linapokaribia ukaguzi wa tatu au wa nne, Mjapani wengi hupiga hesabu na kuona ni nafuu kuliuza. Soko la mnada linalipokea, meli inalibeba, na Mombasa au Dar es Salaam inalipokea likiwa linang'aa.

Sehemu ya magari tunayoyaita mapya, basi, ni magari yaliyokimbia ukaguzi wa kwao. Si lazima yawe mabovu. Mengi ni mazima kwa sababu hiyo hiyo, yaani yalikwisha kukaguliwa mara mbili tatu. Nasi hukagua kabla hayajapakiwa melini, na tuna sera za umri: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, na Tanzania imechagua kuyatoza ushuru wa ziada yaliyozeeka. Tatizo huanza siku ya pili baada ya kutoka bandarini. Gari lililozoea kuitwa kila baada ya miaka miwili linaingia katika nchi ambayo huenda lisiitwe tena kamwe. Linatembea miaka 15 mingine, likibadilishiwa pedi za breki ambazo hakuna aliyethibitisha ubora wake, na kufungwa tairi za mtumba ambazo umri wake hausomwi na mnunuzi.

Hili pia linabadilisha maana ya miaka minne iliyomo katika rasimu ya Kenya. Uingereza, gari huanza kukaguliwa likiwa na miaka mitatu, na kwa wengi hiyo ni miaka mitatu mikononi mwa mmiliki wa kwanza. Kwetu, gari la miaka saba lililoshushwa jana linakuwa tayari limeuvuka mpaka huo. Kwa vitendo, kanuni kama hiyo ingemgusa karibu kila mwenye gari la mtumba tangu mwaka wa kwanza, na kumwacha aliyenunua gari jipya kabisa dukani. Anayeitetea anapaswa kulisema hilo waziwazi.

Kwetu

Tofauti ya mwaka 1930, ya gari la abiria na gari la bwana, haipo tena katika barabara zetu. Gari dogo lenye namba binafsi asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linabeba abiria kupitia programu ya simu, jioni ni mchomoko wa kwenda wilaya jirani. Aliyekufa ndani yake hakuuliza lilisajiliwa kwa rangi gani ya kibao. Na aliyekufa nje yake, akitembea kando ya barabara au juu ya bodaboda, hakuwa na mkataba na yeyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya 200,000 kati yao ni wa kanda yake ya Afrika, yenye sehemu ndogo sana ya magari ya dunia. Hoja ya kwamba gari binafsi ni jambo binafsi imekwisha nguvu.

Lakini majaribio ya majirani yanaonyesha njia zinazoachana. Rwanda imeliweka jukumu hilo mikononi mwa polisi, katika vituo vyenye mitambo, na gari binafsi nalo hukaguliwa huko. Uganda ililikabidhi kwa kampuni ya kigeni kwa mkataba, ukaguzi ukaanza mwaka 2016, na mwaka 2017, baada ya wabunge kuuhoji, ukasitishwa. Wananchi hawakukataa breki nzima. Walitaka kujua mkataba ulisainiwa vipi na fedha zinakwenda wapi, na hawakuona majibu ya kuwaridhisha. Utaratibu unaozaliwa na mkataba usioeleweka huzikwa pamoja na mkataba huo, na usalama wenyewe huzikwa nao.

Tanzania tumekuwa na ukaguzi wa askari, hasa kwa mabasi na magari ya shule, na kwa miaka mingi tumekuwa na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Sitaki kubeza kazi ya askari anayeamka alfajiri kukagua mabasi stendi. Nauliza swali ambalo historia ya Mannheim inatufundisha kuuliza. Tunaposikia katika taarifa ya habari kwamba chanzo cha ajali ni gari kufeli breki, ni nani aliyelikagua gari hilo mara ya mwisho, na amehojiwa? Dereva hukamatwa, au husemwa kwamba amekimbia. Mmiliki pengine hutajwa. Aliyebandika stika hatajwi. Stika isiyo na jina nyuma yake haiwezi kumwajibisha mtu, na isiyoweza kumwajibisha mtu ni risiti tu.

Kuna pia suala la mafundi. Gereji za chini ya miembe, Gerezani pale Kariakoo, soko la Kisekka kule Kampala, ndiko magari yetu yanakotibiwa, na ndiko maelfu ya vijana wanakopata riziki. Utaratibu wa ukaguzi unaweza kuwaangamiza, kwa kuwapa kazi yote wenye mitaji mikubwa. Unaweza pia kuwainua: gari linaloshindwa kwa sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi humrudia fundi na kazi inayoeleweka, na fundi aliyefunzwa na kusajiliwa anaweza kuwa mkaguzi wa kesho. Hilo ni chaguo la kisera, na linapaswa kufanywa mapema, si baada ya zabuni kutolewa.

Kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa, nadhani historia hii inatupa vigezo vya kuipimia rasimu yoyote itakayotufikia. Ianze na magari machakavu zaidi na mambo machache yanayoua, breki, tairi, usukani na taa, kisha ipanuke kwa kufuata matokeo yatakayochapishwa hadharani. Ada iwekewe kikomo cha kisheria, na kurudia ukaguzi baada ya matengenezo kusigeuzwe mtego. Jina na namba ya mkaguzi viwe kwenye kila cheti, na kumbukumbu zisomeke na mwananchi yeyote kwa namba ya gari. Awepo wa kumkagua mkaguzi bila taarifa, na iwepo rufaa ambayo mwenye Corolla ya mwaka 1998 anaweza kuimudu. Na mwaka wa kwanza, kabla raia hajaitwa, yaitwe magari ya umma, yale yenye namba zinazoanza na ST, na matokeo yake yabandikwe ubaoni. Serikali iliyo tayari kuona gari lake likishindwa mbele ya wananchi itakuwa na haki ya kumwambia mwananchi kwamba lake limeshindwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo imezoeleka kutumiwa kwa mwenye gari asiyebadilisha breki kwa wakati. Inawahusu pia watunga kanuni. Ufa wa utaratibu wa ukaguzi ni cheti kisicho na mwenyewe. Uingereza iliuona ufa huo na imekuwa ikiuziba tangu 1960, na bado haijamaliza. Sisi tuna nafasi ya kuanza tukiwa tumeuona. Rasimu itakapokuja, kabla hatujauliza ada ni kiasi gani, tuulize nani atatia saini, na atafanywa nini gari alilolipitisha likiua.